Chaji ya umeme ni nini? Mwongozo kamili wa kuiona kwa selotepu, bomba la PVC na chupa ya jemu

Ukisema simu imeisha chaji, kila mtu anakuelewa. Shida inaanza pale mwanafunzi anapoingia na maana hiyohiyo kwenye somo la fizikia. Chaji ya simu inajazwa, inatumika, inaisha. Chaji ya fizikia haijazwi wala haiishi. Ni sifa ya maada yenyewe, kama tungamo lilivyo sifa yake: elektroni moja haiwezi kukosa chaji yake hata ukiifanya nini.

Protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi, nyutroni haina. Chaji ya protoni moja na chaji ya elektroni moja ni sawa kabisa kwa ukubwa, kinyume kwa alama: kulombi (kizio cha kupimia chaji) 1.602 × 10⁻¹⁹. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa kuwa 1.602176634 × 10⁻¹⁹ kamili, na kipimo cha umeme kinajengwa juu yake. Majina chanya na hasi aliyaanzisha Benjamin Franklin katika miaka ya 1740, zaidi ya karne moja kabla J. J. Thomson hajaonyesha mwaka 1897 kwamba elektroni ipo. Alichagua bila kujua ni kipi kinachotembea, na bahati ikaangukia upande usiofaa: elektroni, ambazo ndizo zinazohama kwenye waya, zikapata alama ya kutoa. Ndiyo sababu mshale wa mkondo wa umeme kwenye vitabu unaelekea kinyume na elektroni zinakokwenda.

Meza, ndizi, kiti na aliyekikalia, vyote vimejaa chaji, ila hesabu inalingana: protoni na elektroni ni idadi moja. Tunaposema kitu "kina chaji" tunamaanisha hesabu haikulingana. Elektroni zimezidi, kitu ni hasi. Zimepungua, kitu ni chanya. Protoni hazihami, kwa kuwa zimefungwa ndani ya kiini cha atomi. Mwanafunzi anayeandika kwamba kioo kilichosuguliwa "kimepata protoni" anapoteza alama, na ni haki yake kuzipoteza.

Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu ya jambo hili. Kaharabu, ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe, ule wa shanga za tasbihi, ni neno lililotoka Kiajemi kupitia Kiarabu, na asili yake ni "mnyang'anyi wa majani makavu", kwa sababu ikisuguliwa huvuta vipande vya nyasi. Waarabu wa leo umeme wanauita kahrabā, neno hilohilo. Wagiriki nao waliiita kaharabu elektron, na huko ndiko elektroni ilikopata jina. Wauzaji wa tasbihi bado huisugua shanga na kuinyanyulia kipande cha karatasi kuthibitisha kwamba ni ya kweli. Kipimo hicho hakimkamati muuza plastiki, maana plastiki nayo huvuta vizuri tu.

Hali ya hewa kwanza

Majaribio ya umemetuli, yaani ya chaji iliyotulia juu ya kitu, yakikushinda, mara nyingi kosa ni la hewa. Hewa yenye unyevu mwingi hupaka utando mwembamba wa maji juu ya plastiki na kioo, na chaji inapitia humo kukimbilia mkononi mwako au mezani. Unyevu ukipita asilimia 60 hivi utaanza kuona majibu dhaifu. Tanga au Mombasa asubuhi ya Machi utasugua mpaka mkono uchoke. Waswahili walioko Toronto au Oslo wakati wa baridi hawana tatizo hilo. Wao wanapigwa na cheche kila wakishika kitasa cha mlango.

Ukiwa pwani, fanya kazi saa 8 au 9 mchana, au ndani ya chumba ambacho kiyoyozi kimewashwa kwa saa nzima. Anika vifaa vyote juani nusu saa kabla ya kuanza, na uviweke mbali na sufuria inayochemka. Dodoma wakati wa kiangazi unaweza kuanza moja kwa moja.

Vifaa

Bomba la PVC la kupitishia nyaya, lile la fundi umeme, kipenyo milimita 20, urefu sentimita 40. Litafaa kuliko rula ya plastiki kwa sababu lina eneo kubwa na unalishika mbali na sehemu iliyosuguliwa. Kitambaa cha sufu. Ukikosa, nywele safi zilizokauka. Zilizopakwa mafuta hazifai. Kanga na fulana za pamba zinafanya kazi kwa unyonge, maana pamba hunywa unyevu.

Chupa ya kioo ya jemu yenye mdomo mpana. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 uliomenywa, sentimita 18. Foili ya jikoni. Mshumaa mmoja. Mrija wa plastiki, si wa karatasi. Selotepu. Kopo la maziwa ya unga lenye kina cha sentimita 15 au zaidi, lisilo na mfuniko. Ndoo ya plastiki. Uzi wa nailoni na maputo mawili.

Betri haihitajiki. Na elektroskopu, kifaa cha kuonyesha chaji tutakachokitengeneza hapa chini, kisiguswe kabisa na soketi ya ukutani: volti 230 za soketi hazitoshi kukitikisa, lakini zinatosha kukuua.

Anza na selotepu

Jaribio hili linavumilia unyevu kuliko mengine yote, ndiyo maana linatangulia. Bandika kipande kirefu cha selotepu mezani kiwe msingi, ukiache hapo. Kata vipande viwili vya sentimita 15, kila kimoja ukikunje ncha kuwa kishikio. Cha kwanza kibandike juu ya msingi, ukiandike C (chini). Cha pili kibandike juu ya hicho, ukiandike J (juu). Vuta vyote viwili pamoja, taratibu, vikiwa vimeshikana. Pitisha kidole kwenye upande usio na gundi ili kuondoa chaji yoyote iliyobaki. Sasa vitenganishe kwa haraka.

J na C zinavutana mpaka zinapindana hewani. Tengeneza jozi ya pili na ulinganishe: J na J zinakimbiana, C na C zinakimbiana. Kwa dakika tano umepata sheria ya msingi, kwamba chaji za aina moja husukumana na za aina tofauti huvutana. Umeona pia kwamba aina ni mbili tu. Hakuna atakayekuletea kitu chenye chaji kinachosukuma J na C zote mbili.

Ipi ni hasi? Inategemea selotepu uliyonunua, gundi na plastiki yake. Usikariri. Sugua bomba la PVC kwa sufu, ambalo hilo tunajua huwa hasi, ulisogeze polepole: selotepu inayokimbia ni hasi.

Hapo pana mtego. Kuvutwa si ushahidi wa chaji kinyume. Sogeza kidole chako kisicho na chaji karibu na J, kitaivuta. Kisogeze karibu na C, kitaivuta pia. Kitu kisicho na chaji huvutwa na chenye chaji kwa sababu elektroni zake hujongea kidogo, upande wa karibu ukawa wa alama kinyume. Kwa hiyo ushahidi wa chaji ni kusukumana. Puto linaloganda ukutani halithibitishi kwamba ukuta una chaji.

Kutengeneza elektroskopu

Elektroskopu huonyesha chaji kwa vipande viwili vyembamba vya metali, viitwavyo majani, vinavyofunguka vikisukumana. Abraham Bennet, kasisi wa Uingereza, alitumia majani ya dhahabu katika miaka ya 1780. Foili ya jikoni inatosha.

1. Kata mfuniko wa plastiki unaoziba mdomo wa chupa, utoboe katikati tundu la kupitisha mrija. Usitumie kadibodi, mbao wala kizibo cha gome. Kwa umeme wa ukutani vitu hivyo havipitishi, lakini kwa chaji ndogo namna hii vinavuja kama kikapu, na kosa hili ndilo linaloharibu elektroskopu nyingi za shuleni.

2. Ingiza mrija wa sentimita 5 tunduni, kisha waya ndani ya mrija. Chini ya mfuniko waya utokeze sentimita 6, juu utokeze sentimita 6, ziada ikitumika kukunjia.

3. Yeyusha mshumaa ndani ya kopo jingine lililowekwa kwenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, na umimine nta ndani ya mrija na kuuzunguka. Nta ya mshumaa ni miongoni mwa vihami (vitu visivyopitisha umeme) bora utakavyovipata dukani, na maji hayaikalii kirahisi. Iache igande saa nzima.

4. Kunja ncha ya chini ya waya iwe ndoano bapa. Kata vipande viwili vya foili, upana milimita 5, urefu milimita 40. Vilaze juu ya kioo, uvinyooshe kwa mgongo wa kijiko. Vitoboe kwa pini milimita 3 kutoka ncha, uvitundike ndoanoni vikiangaliana. Tundu liwe pana kiasi cha majani kubembea yenyewe. Yakishikwa na tundu hayatafunguka hata ukisugua mchana kutwa.

5. Juu ya waya viringisha tufe la foili la sentimita 3, lililobanwa sana, lisilo na ncha zinazochomoza. Kwenye ncha kali chaji hujikusanya na kuvujia hewani.

6. Kausha ndani ya chupa, tumbukiza kile kifuko cha chembe za kukausha kinachokuja kwenye boksi la viatu, kisha funga.

Kuijaza kwa kugusa

Sugua sentimita 20 za bomba kwa nguvu mara 15 hivi. Lisogeze karibu na tufe bila kugusa: majani yanafunguka. Liondoe: yanafunga. Hakuna kilichoongezeka, elektroni za waya zimesukumwa tu kutoka kwenye tufe kwenda chini kwenye majani, kisha zikarudi.

Sasa gusa. Watu wengi wanagusa kwa ncha mara moja, majani yakifunga wanasema kifaa kibovu. PVC haipitishi umeme. Chaji iliyo sentimita 10 kutoka hapo ulipogusa haiwezi kusafiri kufika kwenye tufe. Likwaruze bomba kwenye tufe huku ukilizungusha, sehemu nyingi zigusane. Ukiliondoa majani yabaki wazi. Kwa hewa kavu na nta nzuri yatakaa dakika kadhaa. Yakifunga ndani ya sekunde tano, nta ina jasho la vidole vyako. Ifute kwa spiriti, uikaushe.

Kuijaza bila kugusa

Hapa mpangilio wa hatua ndio kila kitu. Weka bomba hasi sentimita 3 kutoka kwenye tufe. Bomba likiwa palepale, gusa tufe kwa kidole: majani yanafunga, kwa kuwa elektroni zilizosukumwa zimepata njia ya kukimbilia mwilini mwako na ardhini. Ondoa kidole. Kisha ndipo uondoe bomba. Majani yanafunguka, na safari hii chaji ni chanya, kinyume cha bomba.

Ukiondoa bomba kabla ya kidole unapata sifuri, kwani elektroni zimerudi kupitia kidole hichohicho. Ukiisogeza mbali mikono yote miwili kwa pamoja utapata majibu yanayobadilika kila mara.

Kwa wenye hamu ya kufuata kitabu kwa kusugua kioo na hariri ili wapate chaji chanya: kioo pwani hakisikii. Njia hii ya kidole inakupa chaji chanya siku yoyote bomba linapofanya kazi.

Kutambua alama ni rahisi baada ya hapo. Elektroskopu ikiwa na chaji hasi, kitu hasi kikisogea majani yanapanuka zaidi. Yakisinyaa, usikimbilie kusema kitu ni chanya. Hata mkono mtupu huyasinyaza. Jaza elektroskopu chanya, urudie. Kinachopanua ndicho kinachotoa ushahidi.

Kopo na sufu: hesabu mbele ya macho

Ukiwa na muda wa jaribio moja tu, fanya hili. Linatokana na kazi ya Michael Faraday ya mwaka 1843, aliyetumia ndoo ya kuwekea barafu.

Pindua ndoo kavu ya plastiki, weka kopo la maziwa juu yake, liunganishe na tufe la elektroskopu kwa waya usiogusa meza. Funga kitambaa cha sufu kwenye ncha ya rula ya plastiki, kiwe na mpini wake. Kabla ya kuanza pitisha bomba na sufu haraka sentimita 10 juu ya mwali wa mshumaa. Hewa ya mwali huondoa chaji ya zamani. Gusa kopo kwa kidole, majani yafunge.

Ingiza ncha zote mbili ndani ya kopo, mbali na kuta, uzisugue humohumo. Majani hayasogei. Unasugua, mkono unachoka, elektroni zinahama kutoka sufu kwenda PVC kwa mabilioni, na majani yamelala kana kwamba hakuna jambo. Sasa toa sufu pekee. Majani yanafunguka. Irudishe: yanafunga. Toa bomba, acha sufu: yanafunguka tena, kiasi kilekile.

Kusugua kungekuwa kunazalisha chaji, majani yangefunguka ukiwa unasugua. Yalilala kwa sababu kila elektroni iliyopatikana kwenye PVC ilipungua kwenye sufu, na jumla ndani ya kopo ilibaki sifuri. Neno "kuzalisha umemetuli" limeenea, lakini kinachozalishwa ni utengano. Na kinachohitajika hasa ni mgusano. Kusugua kunasaidia tu sehemu nyingi zaidi zigusane, kama selotepu ilivyoonyesha bila kusuguliwa. Kwa nini PVC inachukua na sufu inatoa, na kwa nini vumbi kidogo linaweza kugeuza mpangilio, ni suala ambalo wanafizikia bado wanalifanyia utafiti.

Majani yakifunguka kidogo wakati wa kusugua, ncha zimetoka nje ya kopo au umegusa ukuta. Sufu ikitoa jibu dogo kuliko bomba, ina unyevu na inavujia mkononi.

Ni elektroni ngapi?

Puliza maputo mawili, kila moja la gramu 3, yatundike kwa nyuzi za nailoni sehemu moja, kutoka juu hadi katikati ya puto iwe mita 1. Yasugue yote mawili kwa sufu. Tuseme katikati hadi katikati yametengana sentimita 40, yaani kila moja limesogea 20 kutoka mstari wa wima.

Kanuni ya Charles-Augustin de Coulomb ya mwaka 1785 inasema F = kq²/r² chaji zikilingana: F ni nguvu, q ni chaji ya kila puto, r ni umbali kati yao, k ikiwa 8.99 × 10⁹. Nguvu inayosukuma puto pembeni ni uzito mara tanjenti ya pembe: 0.003 × 9.8 × 0.204, karibu nyutoni 0.006. Kwa hiyo q² = 0.006 × 0.4² ÷ (8.99 × 10⁹), na q inakuwa kulombi 3.3 × 10⁻⁷ hivi. Gawanya kwa 1.602 × 10⁻¹⁹: elektroni trilioni 2.

Inaonekana nyingi. Lakini mpira wa gramu 3 una elektroni zipatazo 10²⁴, hivyo umeongeza elektroni 2 tu kwa kila trilioni zilizokuwemo. Puto si tufe kamili na chaji haijatandaa sawasawa, kwa hiyo usitegemee namba ya pili baada ya nukta.

Sasa rudi kwenye simu. Betri iliyoandikwa mAh 5000 ni ampea 5 kwa saa moja: 5 × 3600, kulombi 18,000. Kulombi 1 na kulombi 1 zikiwa umbali wa kilomita nzima zingesukumana kwa nyutoni 9,000, uzito wa karibu tani moja. Simu yenye kulombi 18,000 za ziada isingekaa mfukoni kwa mtu. Zile 18,000 ni chaji inayopita kwenye saketi kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine. Simu ikijaa au ikiisha, elektroni zilizomo ni zilezile. Kinachoisha ni nishati.

Kwenye kituo cha mafuta

Cheche katika hewa kavu inahitaji takriban volti 3,000 kwa kila milimita, na bomba lako la PVC linafika huko bila taabu. Kwa puto ni kuchekesha watoto. Kwa petroli ni jambo jingine, kwa sababu mafuta yanapopita kwenye bomba hutengana chaji vilevile kama sufu na PVC, na mvuke wake hauhitaji cheche kubwa.

Kidumu kishushwe chini sakafuni kabla ya kujazwa. Kisijazwe kikiwa juu ya siti ya bodaboda au juu ya zulia la plastiki nyuma ya pikapu, maana hapo chaji haina njia ya kushuka ardhini. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa kidumu tangu mwanzo hadi mwisho, na mafuta yaingie taratibu. Anayejaza aguse kwanza chuma mbali na tundu la tangi, hasa akitoka kwenye gari lenye viti vya nailoni. Na sweta lisivuliwe pale.